Usiku Mmoja Kibandani: Hatari Tatu Zisizohisiwa kwa Alalaye Uwandani Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kama jukwaa kati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi, chini kabisa, lipo Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki, chini ya ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa, limetandaa Ziwa Rukwa katika bonde lake la joto. Mji wa Sumbawanga umekaa katika kimo cha mita zaidi ya 1,700, na milima ya Mbizi iliyo jirani nao hupanda kupita mita 2,000. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo msafiri aliyeondoka Kasanga asubuhi, kando ya ziwa, akiwa amevaa shati jepesi, jioni hujikuta katika nchi ya hali nyingine kabisa. Mwezi Juni na Julai, anga inapokuwa kavu na bila mawingu, ardhi hupoteza joto lake upesi baada ya jua kutua, na usiku kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Wapo wengi ambao katika majira hayo hulazimika kulala mbali na nyumba zao. Mkulima huhamia shamba la mbali mpaka mavuno yaishe. Mchungaji hufuata malisho. Mchoma mkaa hukesha karibu na tanuri lake. Mtafiti au mwanafunzi hulala ukingoni mwa msitu wa Mbizi. Mtembeaji hupumzika njiani aendapo kuyatazama maporomoko ya Kalambo. Makazi yao ya usiku ni kibanda: kuta za miti iliyokandikwa udongo au za matofali mabichi, paa la nyasi au la bati, sakafu ya udongo, mlango mmoja, na dirisha dogo ambalo mara nyingi limezibwa kwa gunia au nailoni.

Makala haya yanaeleza hatari tatu zinazomkabili mtu alalaye katika kibanda cha namna hiyo: baridi, hewa ya mkaa, na papasi. Hatari hizi zinatofautiana kwa asili, lakini zina tabia moja inayozifanya zistahili kuelezwa pamoja. Mwili wa aliyelala hautoi onyo la kutegemewa juu ya hata moja kati yake. Baridi hupumbaza akili ambayo ingepaswa kuitambua. Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu. Na papasi huuma bila kuumiza. Kwa sababu hiyo, asiyejikinga kabla ya kulala asitegemee kuamshwa na hatari yenyewe ili ajikinge.

Je, kimo chenyewe ni hatari?

Kabla ya kuzieleza hizo tatu, yafaa kuondoa dhana moja. Watu wengi wamesikia habari za wapanda mlima Kilimanjaro wanaougua kwa sababu ya kimo, nao wakiamka na kichwa kizito huko Ufipa husema kwamba ni "hewa ya mlimani". Ugonjwa wa kimo upo, nao huweza kuua. Hata hivyo kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 kwenda juu. Katika njia ya Marangu huko Kilimanjaro, vibanda vya Mandara viko mita zipatazo 2,720, vya Horombo mita 3,720, na vya Kibo hupita mita 4,700. Huko, maumivu ya kichwa baada ya kupanda siku nzima ni dalili inayotarajiwa.

Uwanda wa Ufipa, pamoja na baridi yake yote, uko chini ya mpaka huo. Mtu mzima mwenye afya hapati ugonjwa wa kimo kwa kulala Sumbawanga au katika mashamba yanayouzunguka mji. Basi maumivu ya kichwa ya alfajiri yatafutiwe sababu nyingine, na swali la kwanza la kuuliza ni hili: jiko lililala wapi?

Hatari ya kwanza: baridi

Wengi hudhani kwamba baridi haiwezi kuua mpaka maji yagande. Sivyo. Joto la ndani ya mwili wa binadamu huwa karibu na nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu huyo ameingia katika hali ya hatari ambayo waganga huiita haipothemia, na hilo huweza kutokea hata hewa ikiwa na nyuzi 10, hasa kwa aliyelowa, aliyechoka, aliye na njaa, mtoto mchanga, au mzee.

Mwili hupoteza joto kwa njia nne. Kwanza, kwa kugusana na kitu cha baridi, kama sakafu ya udongo au ukuta. Pili, kwa upepo unaoiondoa hewa iliyopashwa moto na ngozi. Tatu, kwa joto kutoka mwilini na kusambaa kuelekea vitu vya baridi vilivyo jirani, bila hata kugusana navyo. Nne, kwa maji yanayokauka juu ya ngozi, yakiwa ya jasho au ya mvua. Katika kibanda, njia inayosahauliwa zaidi ni ya kwanza. Mtu hujifunika mablanketi mawili juu, na chini yake akaweka mkeka mmoja. Ardhi inayafyonza mabaki ya joto lake usiku kucha. Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni kwamba matandiko ya chini yasiwe haba kuliko ya juu.

Dalili ya kwanza ni kutetemeka, nayo ni kazi njema ya misuli inayojaribu kuzalisha joto. Baridi ikizidi, mikono hupoteza ustadi, miguu hujikwaa, maneno huanza kuvutana, na mgonjwa huonekana mkaidi au mwenye usingizi. Jambo la kuogopesha ni kwamba kutetemeka hukoma. Mgonjwa mwenyewe huona nafuu na kutaka aachwe alale, ilhali mwili umekwisha ishiwa nguvu za kujitetea. Hali hiyo haitambuliwi na mgonjwa. Hutambuliwa na mwenzake aliye macho.

Pombe, iwe ya ulezi au ya chupa, huongeza hatari hii. Hupanua mishipa midogo ya ngozi, ndiyo maana mnywaji huhisi joto. Lakini joto hilo ni lile lililokuwa likilinda moyo na ini, sasa linamwagwa nje. Tena pombe hupunguza kutetemeka na huweza kushusha sukari katika damu. Anayekunywa ili apate joto anaitumia akiba yake bila kujua.

Aliyeshikwa na baridi avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe juu na chini, kichwa kikiwemo, na alale akikumbatiwa na mtu mwenye joto. Kama yu macho na anameza vizuri, apewe uji au chai ya moto kiasi yenye sukari. Asisuguliwe miguu na mikono kwa nguvu, wala asiwekwe karibu mno na moto, kwa kuwa ngozi yenye ganzi huungua bila kuhisi. Mtoto mchanga abebwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili. Aliyeacha kutetemeka au anayeongea ovyo apelekwe kituo cha afya bila kungoja kupambazuke, akibebwa kwa utaratibu bila kutikiswatikiswa.

Hatari ya pili: hewa ya mkaa

Baridi ndiyo inayomfanya mtu aingize jiko la mkaa ndani, afunge mlango na kuziba dirisha. Hapo huwa amebadilisha adui anayeua polepole kwa adui anayeweza kuua kabla ya usiku wa manane.

Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ukiungua penye hewa ya kutosha, kila chembe ya kaboni hujiunga na chembe mbili za oksijeni, ikatokea kabonidioksidi. Hewa ikiwa haba, kaboni huambulia chembe moja tu ya oksijeni, na hapo huzaliwa gesi nyingine iitwayo kaboni monoksidi. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Mwali ukizimika na makaa yakabaki mekundu au yakafunikwa na majivu, gesi haiishi. Hutoka bila kuungua na kujaa chumbani. Kwa hiyo ile desturi ya kungoja jiko liwake nje mpaka moshi uishe, kisha kuliingiza ndani kwa imani kwamba sasa ni salama, imejengwa juu ya msingi mbovu. Kilichoondoka ni moshi unaoumiza macho. Gesi inayoua imebaki.

Wafipa wa kale waliitumia gesi hii kwa manufaa makubwa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wahunzi wa Ufipa walizalisha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu, ambayo yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila kutumia mivukuto. Mawe ya chuma ni chuma kilichofungamana na oksijeni. Makaa yaliyowaka ndani ya ilungu yalitoa kaboni monoksidi, nayo ikayanyang'anya mawe ile oksijeni, chuma kikabaki.

Katika mwili wa binadamu gesi hiyohiyo hukifuata chuma tena. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, ambayo ndani yake mna chembe za chuma zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda kila sehemu ya mwili. Kaboni monoksidi hushikamana na chuma hicho kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kiasi kidogo tu hewani chatosha kuteka sehemu kubwa ya himoglobini. Isitoshe, oksijeni chache iliyosalia hushikwa kwa nguvu kuliko kawaida, isiachiwe upesi kwa ubongo na moyo vinavyoihitaji. Ilungu lilijengwa makusudi ili gesi hiyo ifanye kazi ndani yake. Kibanda kilichozibwa kila upenyo hufanana nalo bila mwenyewe kukusudia.

Dalili huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kukosa nguvu. Zikiendelea huja kuchanganyikiwa, kuzirai, degedege na kifo. Aliyelala huweza kuvuka hatua hizo zote bila kuamka. Mimba iko katika hatari ya pekee, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kupata nafuu huku mtoto akiendelea kudhurika.

Dalili hizi hufanana na za malaria, na hapo ndipo makosa hutokea. Zipo alama tatu za kutofautisha. Mwenye sumu ya mkaa kwa kawaida hana homa. Waliolala naye nao huugua kwa wakati mmoja. Na wakitoka nje kwenye hewa safi huanza kupata nafuu, kisha hali huwarudia usiku ufuatao.

Baadhi ya kinga zinazosimuliwa hazifai kitu. Bakuli la maji kando ya jiko haliinasi gesi hii, kwa kuwa karibu haiyeyuki katika maji. Kulala kitandani badala ya chini hakusaidii, kwani uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, nayo huenea chumba kizima. Maziwa hayaiondoi, kwa sababu sumu haikuingia tumboni bali mapafuni. Tena kumnywesha maziwa aliyezirai ni kumpalia.

Ukiwakuta watu wamezirai kibandani, fungua mlango, vuta pumzi nje, ingia upesi na kuwatoa mmoja mmoja; usikae ndani kutafuta sababu. Walaze kwa ubavu, wafunike, na uwapeleke hospitali hata wakionekana kuzinduka. Katika hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu tu ya sumu hiyo. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Baadhi ya walionusurika hupata matatizo ya kumbukumbu, tabia au mwendo siku au wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo ndugu waendelee kuwaangalia na kuwarudisha kliniki.

Kwa wahudumu wa zahanati, angalizo moja ni la lazima. Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa anayekaribia kufa. Historia ya jiko chumbani, pamoja na dalili, yatosha kuanza oksijeni mara moja.

Hatari ya tatu: papasi

Papasi ni jamaa wa kupe, mwenye mwili laini kama ngozi iliyokunjamana. Hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo mkavu, na usiku hutoka kumfuata aliyelala. Hunyonya damu kwa muda mfupi, pengine nusu saa hivi, kisha hurudi ufani. Mtu huamka bila kujua kwamba alikuwa na mgeni. Kibanda kilichoachwa mahame hakiwi salama kwa kuachwa tu, maana papasi huweza kuishi miaka kadhaa bila kula.

Katika Afrika Mashariki papasi hueneza bakteria aitwaye Borrelia duttonii, anayesababisha homa ya papasi. Jina hilo ni kumbukumbu ya Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza ambaye pamoja na mwenzake John Lancelot Todd waliichunguza homa hii mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wote wawili waliambukizwa katika kazi hiyo, na Dutton alifariki huko Kasongo mwezi Februari 1905.

Baada ya wiki moja hivi tangu kuumwa, huja homa kali ya ghafla, kichwa, maumivu ya viungo na kutapika. Siku chache baadaye homa hukatika, mgonjwa akadhani amepona. Kisha hurudi, na huweza kurudi mara nyingi. Hurudi kwa sababu bakteria hubadilisha sura yake ya nje kila kinga ya mwili inapoanza kuitambua. Kwa wajawazito ugonjwa huu huweza kuharibu mimba au kuua mtoto mchanga.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuuona ugonjwa huu. Huonekana kwa hadubini, katika tone la damu lililochukuliwa wakati wa homa. Kwa hiyo mwenye homa inayokwenda na kurudi, ambaye kipimo chake cha malaria hakionyeshi kitu, amweleze mganga kwamba alilala katika kibanda cha udongo. Dawa zipo na zinaponya, lakini zisinywewe kienyeji: saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi, homa huweza kupanda na shinikizo la damu kushuka kwa hatari, na hapo mgonjwa anahitaji uangalizi. Aidha, msafiri atokaye mwambao wa Tanganyika au bonde la Rukwa apimwe malaria vilevile, kwa kuwa vimelea alivyovipata huko chini hupanda naye mlimani.

Mpangilio wa jioni

Kinga ya hatari zote tatu huanza kabla ya giza. Kagua sakafu na kuta, ziba nyufa kwa udongo mbichi, na ufagie. Tumia kitanda cha miguu au kichanja, ukisogeze mbali na ukuta, na ukitandike chini kwa nyasi kavu zilizofunikwa turubai, au kwa magunia na blanketi; hapo umejitenga na ardhi ya baridi na pia na njia ya papasi. Chomeka chandarua chenye dawa pande zote. Kula chakula cha kutosha, kwani ugali na maharage ya jioni ndiyo kuni za mwili usiku. Badili nguo zenye jasho, vaa soksi, na ufunike kichwa.

Kuhusu moto, kanuni ni moja: moto ubaki nje, joto liingie ndani. Pika na kuota nje ya mlango. Kabla ya kulala, chemsha maji, yaache yapoe kidogo, yatie katika chupa isiyovuja, uizungushie kitambaa na kuiingiza ndani ya blanketi karibu na tumbo. Chupa hiyo itatoa joto kwa saa kadhaa bila kutoa gesi yoyote. Kanuni hii ihusu pia hema, gari lililofungwa, na jenereta. Pale ambapo hapana budi kuwasha moto ndani, mlango na dirisha vikae wazi muda wote moto uwakapo, na makaa yote, pamoja na yale yaliyofunikwa na majivu, yatolewe nje kabla mtu wa kwanza hajalala.

Mwisho, wanaolala pamoja waulizane hali asubuhi. Mmoja akiumwa kichwa peke yake, huenda ni uchovu. Wakiumwa wote, watoke nje kwanza, na waende hospitali siku hiyohiyo.